Kwa Nini Kinjeketile Hakusema Maji ni Uongo?

Kila Septemba, mafresha wakishapata vitanda hosteli na kujua kibanda gani kinauza chapo madondo ya bei nafuu, mimi huanza kuletewa insha. Mimi si mhadhiri. Ni mwanafunzi wa uzamili niliyepewa kazi ya kukaa na watu wa mwaka wa kwanza kila Alhamisi jioni tusome tamthilia. Na kila mwaka insha ya kwanza huwa ni ile ile: "Nadharia ya Umarksi iliasisiwa na Karl Marx..." Marx aya tatu, tamthilia nusu ukurasa, hitimisho, jina la mwandishi limekosewa.

Siwacheki. Hata mimi niliandika hivyo. Shule ya upili tulisoma tamthilia kwa mwongozo: maudhui, sifa za wahusika na mifano, mbinu za lugha. Unakremu, unamwaga kwenye karatasi ya KCSE, unasahau. Ukifika chuo unapewa nadharia, na bila kujua unaigeuza kuwa mwongozo mwingine. Jana ilikuwa "mhusika huyu ni katili, toa mifano." Leo ni "mhusika huyu ni bepari, toa mifano." Nadharia inakuwa kama muhuri wa chifu: unagonga, pap, karatasi inayofuata.

Septemba 2024 tulianza na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyochapishwa 1969 kuhusu vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Kama hujaisoma, kwa ufupi: Kinjeketile anapandwa na pepo Hongo, anatoka mtoni na maji ambayo watu wanaamini yatawakinga na risasi. Makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho la pembeni yanaungana. Wanaenda vitani. Risasi hazigeuki maji. Mwishoni Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme hadharani kwamba maji yalikuwa uongo. Hata Kitunda, rafiki yake na kiongozi wa vita, anamsihi aseme. Anakataa.

Nikauliza darasa: mtatumia nadharia gani? Kimya. Halafu msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa wiki tano hakuwa amefungua mdomo, akasema: "Mimi sijui nadharia. Ninachotaka kujua ni kwa nini hakusema tu ni uongo. Ama alikuwa anaogopa kuonekana mjinga?"

Baada ya kipindi alibaki. Tarehe 25 Juni mwaka huo alikuwa nyumbani akingoja kujiunga na chuo. Asubuhi alimtumia rafiki yake ujumbe: twende tao, tutakuwa wengi, hawawezi kutupiga risasi. Walienda. Rafiki yake alipigwa risasi ya mguu. "Nilimwambia hawawezi," akasema. "Na niliamini, manze. Sikuwa namdanganya."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia tu: hiyo ndiyo insha yako. Usianze na nadharia. Anza na hilo swali, kisha ulipeleke kwa kila nadharia uone itakujibu nini na itanyamaza wapi.

Alhamisi iliyofuata tulifanya hivyo sote.

Tulianza na historia. Kinjeketile Ngwale wa kweli alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Vilidumu hadi 1907. Kinjeketile wa Hussein anaishi mpaka kushindwa. Ukisoma kama mwalimu wa historia utasema mwandishi amekosea, lakini yeye mwenyewe alionya kwenye utangulizi kwamba mhusika huyu ni kiumbe wa ubunifu wake. Basi kazi ya mhakiki ni kuuliza: amemrefushia maisha kwa nini? Jibu letu lilikuwa kwamba alitaka awepo mtu wa kuulizwa. Mtu aliyenyongwa mwanzoni hahitaji kuwaeleza wafu wa mwisho.

Tukaenda kwa Umarksi, safari hii tukiwa na shida yetu mkononi. Kijana mmoja akasema kitu kizuri: maji hayakuanzisha vita, pamba ndiyo iliyoanzisha. Watu walikuwa wanalazimishwa kulima pamba ya Mjerumani huku kwao kuna njaa. Wahusika wengine hata wanaitwa kwa kabila tu, Mngindo, Mkichi, na kilichowafanya wasimame pamoja ni yale maji. Kwa hiyo Mjerumani anaposema "kiri maji ni uongo," anataka kupata mawili kwa bei ya moja: ukikana maji, ionekane hata malalamiko yalikuwa upuuzi. Lakini msichana wetu akauliza Umarksi unasema nini kuhusu mtu mmoja aliyelala macho usiku akijilaumu. Hapo Umarksi ulikohoa.

Tanzia ikajibu. Kwa jicho la Aristotle, shujaa haangushwi na uovu bali na kosa, na uchungu ni pale anapolitambua. Kinjeketile analitambua mapema. Alipokuwa amepandwa, alitamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akili ikimrudia anajiuliza: tumtoe bwana mmoja tumweke mwingine? Anatia shaka, anajaribu kuizuia vita, lakini neno limeshakuwa kubwa kumliko. Wanaenda bila yeye. Hapo darasa lilitulia kabisa. Ila tanzia nayo ina tabia ya kumpiga picha shujaa peke yake, na waliokufa wanabaki ukungu nyuma yake.

Ndipo ufeministi ukaingia, na si kwa kuhesabu wanawake jukwaani. Tamthilia inafunguliwa na wanawake wanaozungumza kuhusu njaa. Mikutano ya vita ni ya wanaume, na lile swali la mwisho linaamuliwa na wanaume. Nje ya kitabu, Wajerumani walichoma mashamba na vyakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi. Kinjeketile anakataa kwa ajili ya watoto watakaozaliwa, wasije wakaambiwa kwamba baba zao walipigania upuuzi. Sawa. Lakini je, mjane anayechimba mizizi leo? Naye aliulizwa?

Mimi husimama na Kinjeketile. Naona kukataa kwake ni haki, maana swali aliloulizwa lilikuwa mtego. Lakini Kitunda hakosei kumsihi, na tamthilia ingekuwa dhaifu kama angekosea. Hussein hakutuachia mahali pa kukaa kwa raha, na insha inayomaliza kwa raha imesoma kitabu kingine.

Kwa hivyo wewe fresha, kabla hujaandika jina la nadharia yoyote, tafuta mahali tamthilia inapokuuma. Andika swali lako kwa Kiswahili cha kawaida, hata kama kina "manze" ndani. Kisha chagua nadharia itakayokusaidia kulichimba, na useme waziwazi inapokwama. Ikiwa inajibu kila kitu bila kukwama, pengine unagonga muhuri tu.

Insha ya yule msichana haikumtaja Marx hadi ukurasa wa tatu. Alimaliza kwa kusema anamwelewa Kinjeketile, ila hajaamua kama amemsamehe. Nilimwambia aongeze aya moja. Akakataa, akasema tayari amemsomea rafiki yake kwa simu, na rafiki yake amesema iishie hapo.