Matundu Sita Kwenye Kadi

Kadi ilifika Wundanyi jioni, imeviringishwa magazeti ndani ya boksi la maziwa. Ilikuwa imetoka Nairobi kwa basi hadi Voi, kisha ikapanda matatu ya kupitia Mwatate na kona zote zile za mlimani. Mpwa wangu aliifungulia juu ya meza ya chakula, akaigeuza mara mbili, akaniita.

"Mjomba, mbona hii ina matundu sita hapa pembeni?"

Kabla sijaiona nilijua kwamba usiku ule hatutawasha kitu.

Ilikuwa GTX 1650 ya NVIDIA, kadi ya michoro iliyotoka Aprili 2019 na ambayo mpaka leo ni kimbilio la mwenye mfuko mwepesi. Sifa yake kubwa ni kula wati 75, kiasi kilekile ambacho tundu refu la madabodi linaruhusiwa kutoa, kwa hiyo unaichomeka na kazi imeisha. Ila kuna watengenezaji walioiongezea kasi na kuipa plagi ya pini sita ili ipate umeme zaidi kutoka kwenye pawa saplai. Jina ni lilelile. Muuzaji hakutaja plagi, nami sikuuliza, na pawa saplai yetu haina waya wa aina hiyo.

Fundi mmoja alitushauri tununue kiunganishi cha kuchukua umeme kwenye waya wa diski. Nilikataa. Waya ule wa SATA umepimwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, na plagi ya pini sita inaweza kudai 75. Hufanya kazi, naam, mpaka siku plastiki itakapoanza kunuka. Kadi ilirudi Nairobi kwa njia iliyokuja nayo, na nauli zote mbili tukalipa sisi.

Kosa hilo linaudhi zaidi kwa sababu mengine yote tulikuwa tumeyapanga kuanzia kwenye pawa saplai. Wengi huanza na prosesa, au na kadi waliyoona inasifiwa, kisha wanatafuta sanduku la kuvifunika. Kwa bajeti yetu ya shilingi elfu hamsini njia hiyo haifiki mbali. Kijana anahariri video za harusi mchana, na usiku anacheza FC na GTA V. Kununua kila kipande kipya kungemeza hela kabla hatujagusa kadi. Tukaamua kuchukua kompyuta kuukuu ya ofisi, zile zinazoshushwa kutoka Ulaya na kujaa maduka ya Moi Avenue, halafu tujenge juu yake. Na kompyuta ya ofisi ina mambo mawili usiyoweza kuyabadilisha kirahisi: pawa saplai na sanduku.

Tulichagua Dell OptiPlex 7060, lile sanduku kubwa la kusimama. Pawa saplai yake ni ya wati 260. Prosesa yake, Core i5-8500, imeandikiwa wati 65, ingawa huzidi inapokimbia. Weka na 75 za kadi, unabaki na akiba ya diski, feni na ramu. Sanduku dogo la modeli hiyohiyo lina wati 200 na hupokea kadi fupi tu. Kwenye baadhi ya OptiPlex ndogo tundu refu limepakana kabisa na pawa saplai, hivyo kadi nene haina pa kupumulia hata ikiwa fupi. Na usijidanganye kwamba utabadilisha pawa saplai baadaye: Dell hizi hazitumii ile plagi kubwa ya pini 24 iliyo kwenye pawa saplai za madukani.

Kwa nini kizazi cha 8 na si cha 6 au 7, ambavyo ni bei rahisi? Windows 10 iliachwa bila matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8. Mpwa alikuwa ameshapata mtu wa kumuuzia madabodi ya kizazi cha 7 kwa bei ya kutupa, akanihakikishia kwamba soketi ni ileile, 1151. Kweli prosesa ya kizazi cha 8 inakaa humo vizuri kabisa. Haiwaki.

Ramu ilinifurahisha, maana jibu limeandikwa kwenye kibandiko. Tulikuwa na kipande kimoja cha gigabaiti 8, tukataka mwenzake, kwa kuwa viwili vikifanya kazi sambamba prosesa hupata data kwa upana maradufu. Soma maandishi yanayoanza na PC4, kisha tafuta herufi baada ya kistari. U ni ya kompyuta ya mezani. S ni ya laptopu, nayo ni fupi, utaiona. R ni ya seva: ina urefu uleule na huuzwa rahisi mno, lakini kwenye OptiPlex hii ni pambo. Diski haikutusumbua, tulichukua NVMe.

Tulirudi kwenye kadi. Duka la pili lilitupa RX 6400 ya AMD, ya 2022, wati 53, haina plagi. Kwenye karatasi inavutia. Lakini imeunganishwa kwa njia 4 tu badala ya 16, na kwenye mashine ya PCIe 3.0 kama yetu njia hizo hupitisha nusu ya kile ilichobuniwa kupitisha. Zaidi ya hayo haina kisimbaji cha video, na huyu kijana anaishi kwa kutoa video. Tukasubiri wiki nyingine, tukapata GTX 1650 isiyo na matundu. Safari hii niliomba picha ya ukingo wa juu, na picha ya programu ya GPU-Z ikiisoma, kwa sababu zipo kadi za zamani zilizobandikwa jina jipya na programu hiyo huzitaja wazi kuwa feki.

Skrini nayo ilitutania. Aliyonayo mpwa ni ya plagi ya bluu ya VGA, na kadi haina VGA. Kile kigeuzi cha DVI cha bei ya chai hakikusaidia, kwani DVI ya kadi hizi haitoi mawimbi ya analogi. Tulinunua kinachobadilisha HDMI kwa chipu yake.

Hapa Wundanyi, kwenye mita 1,400 hivi, baridi inatusaidia: feni hazipigi kelele. Mashine hii kama ingekuwa Voi, ingekuwa inavuta vumbi jekundu na kusafishwa kila mwezi. Umeme ndio unaocheza, kwa hiyo kuna UPS chini ya meza.

Juzi kijana alianza kuulizia RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024. Wati 70, na zipo zisizo na plagi. Tumepima nafasi ndani ya sanduku kwa rula ya shule, inaingia. Pesa ndiyo bado.