Sifa za Mwongozaji Aliyewahi Kuongozwa

Ukiitazama kwa mbali, kazi ya mwongozaji wa filamu ni kuamuru tu. Yeye ndiye mwenye neno la kuanza na neno la kukata. Taa huwashwa akitaka, watu huinuka na kuketi kwa ishara ya mkono wake. Lakini muulize mwigizaji ni mwongozaji gani anayemkumbuka kwa wema. Mara chache atamtaja mwenye sauti kubwa. Atamtaja aliyejua kungoja, aliyeona kwamba pumzi bado haijatulia, akamwachia muda kidogo kabla ya kuita. Ujuzi huo haupatikani nyuma ya kamera. Hupatikana mbele yake, pale ambapo mtu hutazamwa na kila jicho na hana pa kujificha ila ndani ya mhusika wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema wahenga. Sifa hizi ni za waliokilalia: waigizaji waliogeuka waongozaji, na hasa mmoja wao, Anisia Uzeyman, Mnyarwanda ambaye hadithi ya filamu yake kubwa ameiweka katika vilima vya Burundi.

Burundi haikuwa ngeni kwa uigizaji kabla yake. Mwaka 1992 Léonce Ngabo alitoa Gito l'Ingrat, filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo, kisa cha kijana anayerudi kutoka Paris na shahada mkononi, akidhani kiti cha uwaziri kinamngoja. Gito alichezwa na Joseph Kumbela, Mkongo, ambaye baadaye naye alishika uongozaji akatengeneza filamu fupi zake mwenyewe. Na kwenye vilima ambako sinema haikufika, uigizaji ulifika kwa redio. Kuanzia 1997 Studio Ijambo ilirusha mchezo wa Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi Niwe Muryango, juu ya majirani Wahutu na Watutsi, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Msikilizaji wa kilimani, Gitega au Muyinga, hakuhitaji tiketi wala kiti. Alihitaji betri na sikio. Kwa hiyo Mrundi wa kawaida alimjua mwigizaji kwa sauti kabla hajamjua kwa sura, na sikio lake lilikwisha kujifunza kutambua anayesema kweli na anayesoma tu.

Uzeyman alizaliwa Gihindamuyaga, kusini mwa Rwanda, akasomea uigizaji Ufaransa. Kazi yake haikukaa katika nchi moja. Mwaka 2012 alionekana katika Tey, filamu ya Alain Gomis iliyopigwa Dakar, kuhusu mtu anayeamka akijua, na mtaa mzima ukijua, kwamba leo ndiyo siku yake ya mwisho. Mtu huyo alichezwa na Saul Williams, mshairi na mwanamuziki Mmarekani, ambaye ndiye mume wake. Uzeyman alicheza Rama, mke anayemngojea nyumbani. Mke wa namna hiyo hana hotuba ya kutoa. Uzito wote uko katika namna anavyogeuza shingo, anavyochelewa kujibu, anavyoendelea na shughuli za nyumba huku kifo kimekaa barazani. Mwaka 2013, kule Ouagadougou, filamu hiyo ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO, Farasi wa Dhahabu wa Yennenga.

Kisha Haiti. Katika Ayiti Mon Amour ya Guetty Felin, ya mwaka 2016, alicheza mhusika wa riwaya aliyechoshwa na kuishi ndani ya hadithi ya mwandishi wake, anayetaka kutoka. Sijui kama kuna nafasi ya uigizaji inayomfaa zaidi mtu aliye mlangoni mwa uongozaji. Miaka mingi mwigizaji hukaa ndani ya hadithi alizotungiwa na wengine, akivaa mavazi waliyochagua, akifa wanapotaka afe. Wengi huridhika, na hakuna aibu katika hilo, maana kulitii vizuri wazo la mwenzako nako ni ufundi. Wachache hufika mahali wakasema: sasa nataka kushika uzi wenyewe.

Mwaka huohuo wa 2016 akaushika. Filamu yake ya kwanza, Dreamstates, aliipiga kwa simu za iPhone katika safari za wanamuziki Marekani, yeye na Williams wakiwa mbele ya kamera. Wapo waliosema simu ni chombo cha kuchezea. Lakini tazama chaguo hilo kwa jicho la mwigizaji. Kamera kubwa huja na watu wengi, taa nyingi na kelele. Huufanya uso ujiandae kutazamwa. Simu huingia ndani ya gari, kitandani, nyuma ya jukwaa, na uso husahau kwamba unachunguzwa. Aliyewahi kusimama mbele ya lenzi anajua kwamba ukweli wa sura huanza pale usahaulifu huo unapoanza.

Na kilichofuata kinalipa chaguo hilo maana nyingine. Ndani ya simu yoyote kuna tantalamu, madini yatokanayo na koltani, na koltani huchimbwa Kongo, Rwanda, na kaskazini mwa Burundi kwenyewe, Kabarore. Aliyetengeneza filamu yake ya kwanza kwa simu alikwenda, katika ya pili, kumtafuta mchimbaji aliyeitoa simu hiyo ardhini. Hiyo ndiyo Neptune Frost, aliyoiongoza pamoja na Williams, ambaye pia aliandika mswada na muziki. Mbali na kuongoza, Uzeyman ndiye aliyeshika kamera. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cannes, Julai 2021, katika Wiki Mbili za Waongozaji.

Hadithi inaanzia mgodini. Kijana mmoja anasimamisha kazi kidogo, anainua jiwe kulitazama, na mlinzi anamuua. Ndugu yake, Matalusa, anaondoka. Njia yake inakutana na ya Neptune, mdukuzi asiye mwanamume tu wala mwanamke tu, na wote wawili wanafika katika kijiji kilichojengwa kwa takataka za kompyuta, ambako vijana wanaingilia mitandao ya dunia nzima. Ni filamu ya muziki. Nyimbo zake zimo katika Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na hakuna anayesimamishwa ili afafanue kwa nini amehama kutoka lugha moja hadi nyingine. Sokoni Muyinga hilo halimshangazi mtu.

Burundi ndiko hadithi ilikowekwa, lakini haikuwezekana kupigwa picha huko. Machafuko ya kisiasa ya mwaka 2015 yalikuwa yamewakimbiza Warundi. Idadi ya waliokimbilia nchi jirani ilipanda hadi ikapita 400,000. Wengi waliingia Tanzania, na wengine walielekea Rwanda, ambako kambi ya Mahama ilifunguliwa Aprili mwaka huo. Filamu ikapigwa Rwanda, na miongoni mwa walioigiza na kupiga ngoma ndani yake walikuwemo wasanii wa Kirundi walioikimbia nchi. Matalusa mwenyewe alichezwa na Bertrand Ninteretse, mwanamuziki Mrundi ajulikanaye kwa jina la Kaya Free.

Hapo ndipo ninapouona ufundi wa mwongozaji aliyewahi kuongozwa. Kumwambia mkimbizi aigize Burundi akiwa nje ya Burundi ni jambo zito. Mwongozaji asiye na busara angemkamua machozi, kwa kuwa machozi yapo karibu na kamera huyapenda. Uzeyman hakufanya hivyo. Wachimbaji wake wana hasira, wana mzaha, wana urembo. Mavazi yaliyobuniwa na Cedric Mizero yamewavika nyaya na vibonye vya kompyuta kama watu wa ikulu. Mwanga wa usiku umeiangukia ngozi nyeusi kwa namna ambayo kila uso unasomeka, haukufifia wala haukupaushwa. Mwigizaji aliyewahi kupigwa picha na mtu asiyejua kuiwekea taa ngozi ya rangi yake hawezi kulichukulia hilo kuwa dogo.

Chukua uamuzi mwingine, mgumu zaidi. Neptune anachezwa na watu wawili, Elvis Ngabo kisha Cheryl Isheja. Jina moja, miili miwili. Mtazamaji akishindwa kuamini kwamba huyu ndiye yule, filamu nzima inaanguka. Vazi pekee halitoshi kuwaunganisha. Inabidi wa pili aingie na namna ya kutazama aliyoiacha wa kwanza, na awepo mtu wa kuilinda namna hiyo siku hadi siku, picha hadi picha.

Kisha kuna ngoma. Gitega ina Gishora, patakatifu pa ngoma za kifalme, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu. Oktoba 2017 amri ya rais ikapiga marufuku wanawake kuipiga. Katika Neptune Frost ngoma zinavuma ndani ya mgodi, na aliyezielekezea kamera, aliyeamua ziishe lini na zionekane kutoka wapi, ni mwanamke. Filamu haitoi hotuba juu ya jambo hilo. Haihitaji.

Sifa isiyo na kasoro ni ya kununuliwa, kwa hiyo niseme na upungufu. Kisa cha Neptune Frost hupotea njiani. Kuna wahusika wanaozungumza kwa mafumbo hadi mtazamaji anachoka kufumbua, na nusu ya pili inazunguka mahali pamoja. Naamini hiyo nayo ni bei ya kutoka kwenye uigizaji. Aliyeishi kwa dakika za mwigizaji huzipenda dakika hizo kuliko uzi unaoziunganisha. Hana moyo wa kuikata sura nzuri ili kisa kikimbie. Chiwetel Ejiofor, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Nijeria, alipoongoza filamu yake ya kwanza ndefu huko Malawi, The Boy Who Harnessed the Wind ya 2019, alikwenda upande mwingine. Alishikilia kisa kilichonyooka, na kwa nafasi aliyoicheza mwenyewe akaigiza pia kwa Kichewa. Ya Ejiofor inafuatika vizuri zaidi. Ya Uzeyman inakaa zaidi machoni. Nikilazimishwa kuchagua, nachukua ya pili, kwa kuwa visa vilivyonyooka kuhusu umaskini wa Afrika tunavyo vingi, na nyuso za wachimbaji zilizotazamwa kwa heshima tunazo chache.

Burundi ina vijana wanaotaka kutengeneza filamu, na tangu 2009 ina tamasha lake, FESTICAB, lililoanzishwa na Léonce Ngabo yuleyule wa Gito. Simu wanazo. Programu za kuhariri wanazipata. Wengi huanza kwa kujiita waongozaji siku ile wanaposhika kamera, na filamu zao huonyesha: waigizaji wamesimama kama wanaosubiri basi, kila mmoja akingoja zamu ya kusema. Kwa wanaowafundisha, Gitega, Muyinga na kwingineko, ombi langu ni moja. Msiwape kamera kwanza. Wapandisheni jukwaani, wasikilizeni redioni, waacheni waongozwe na mwingine, wakosee mbele ya watu na warudie tena. Anayetaka kuongoza filamu Burundi aanze kwa kuomba nafasi ya kuigiza, hata kama ni ya mtu asiyesema neno.