Nafsi, Roho na Kujitambua: Uhakiki wa Istilahi za Falsafa ya Kihindu

Mwanafunzi wa Osukuru, wilayani Tororo, hujifunza mapema methali isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Anafahamu kwamba Baniani ni mfanyabiashara wa Kihindi, imani ya mtu huyo haifahamu. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, wengine wakarejea baada ya 1986, lakini darasani kwetu Uhindu umebaki kuwa habari ya duka na kiatu. Ni maoni yetu kwamba upungufu huu ni wa kilugha pia.

Tuchukue dhana ya atma. Mfasiri hukimbilia neno "nafsi". Lakini nafsi, kwa jinsi tulivyoipokea kutoka mafunzo ya Kiislamu, ni kitu cha kudhibitiwa. Ndiyo maana tunalaumu ubinafsi. Atma ya Upanishadi, kinyume chake, ni ya kujuliwa. "Roho" nayo ina utata. Kanisani, roho ya mtu imeumbwa na Mungu, nayo si Mungu. Katika Advaita ya Shankara, atma na Brahman ni kitu kimoja. Hata hivyo Madhva, wa karne ya 13, alizitenganisha. Kwa hiyo haitoshi kuandika "Wahindu wanasema". Sharti tuulize ni madhehebu yapi.

"Kujitambua" ni bora zaidi, kwani kiambishi -ji- huonyesha kuwa mtenda na mtendwa ni mmoja, kama vile katika Advaita mjuzi na kinachojuliwa havitengani. Tatizo ni kwamba katika ushauri nasaha kujitambua ni kujua vipaji na haki zako. Upanishadi zinazungumzia kuondoa ujinga ili kufikia moksha, yaani kuepukana na mzunguko wa kuzaliwa na kufa.

Hapa ndipo tunapotofautiana na insha zinazoiona moksha katika Nagona (1990) ya Kezilahabi kwa sababu tu kuna safari ya kutafuta ukweli. Si kila safari ya namna hiyo ni ukombozi wa Kihindu. Ushahidi utoke katika matini.

Tunapendekeza walimu waziache atma na moksha zilivyo, kisha wazifafanue kwa Kiswahili. Lugha iliyopokea gari, laki na chapati kutoka Bara Hindi haitashindwa na maneno hayo mawili.