Shujaa na Waliomfuata

Kitabu cha historia nilichokirudia mara nyingi kuliko vyote ni The Black Jacobins cha C.L.R. James, mzaliwa wa Trinidad, kilichotolewa mwaka 1938. Kinasimulia habari za Saint-Domingue, koloni la Ufaransa katika visiwa vya Karibi, ambako watumwa wapatao 500,000 walilimishwa miwa na kahawa kwa mijeledi. Agosti 1791 waliinuka. Tarehe 1 Januari 1804 nchi ikawa huru kwa jina la Haiti.

Wengi hukisifu kwa jinsi kinavyomtukuza Toussaint L'Ouverture, aliyezaliwa utumwani akawa jemadari mkuu. Mimi nakisifu kwa kuwa kinampenda shujaa wake bila kumfichia kosa. Toussaint alitaka mashamba yazae ili nchi ipate fedha za kujilinda. Katiba yake ya 1801 ilipiga marufuku utumwa, lakini iliwafunga wafanyakazi kwenye mashamba yale yale. Watu wa kaskazini walipoasi Oktoba mwaka huo, alimwua hata Moïse, jemadari aliyehesabiwa kuwa mpwa wake. James hapepesi macho: Toussaint, asema, aliacha kuwaeleza watu wake. Alidhani kuwa kwa vile nia yake ni njema, wangemwelewa tu. Majeshi ya Napoleon yalipotua mwaka 1802, imani ya watu ilikwisha kutikisika. Alikamatwa, akafia gerezani Ufaransa Aprili 1803.

Hata hivyo nina neno na James. Wengi wa watumwa wale walizaliwa Afrika. Walikuja na lugha zao, ibada zao na maarifa yao ya kilimo. Katika kitabu hupita kama wimbi la bahari, hali mwandika barua na amri ana jina na sura. Yaani mwandishi naye amewatazama kutoka juu, kama jemadari wake. Kwa uungwana alikiri mwenyewe: katika mihadhara ya mwaka 1971 alisema angekiandika upya, angewapa watumwa nafasi zaidi ya kusema.

Nayasema haya nami nikiwa na deni. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilikuwa nikiifundisha habari hii ya Toussaint kwa sauti kubwa. Mwaka mmoja nilibandika tangazo ubaoni kwamba kila mwanachuo atalima shamba la chuo Jumamosi nzima. Sababu sikuitaja. Waligoma, nami nikawasimamisha watatu. Baadaye mmoja wao alinijia, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, laiti ungetuambia kuwa akiba ya unga imekwisha, tungelima bila kuitwa."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara mbili kabla ya siku hiyo.

Basi msomaji, ukikipata, kisome. Ila ukifika kwenye kifo cha Moïse, usiharakishe kufunua ukurasa unaofuata.