Jina si nenosiri: kasoro ya simu za ofisi zinazojipanga zenyewe

Ofisi yenye simu mia mbili za intaneti haihitaji fundi wa kuzungukia meza moja moja akibonyeza vitufe. Unachomeka waya, simu inawaka, inasubiri kidogo, tayari: namba ya ndani ipo na jina la mhusika liko kwenye skrini. Hapo hakuna ubishi, ni kazi nzuri. Ila njia iliyozoeleka ya kuifanya ina kasoro moja kubwa, na tuiseme wazi.

Kwanza, inavyofanya kazi. Simu ikiwaka huomba anwani kwa seva ya DHCP, ile inayogawa anwani kwa vifaa vyote vya mtandao. Seva hiyo pia huielekeza simu mahali pa kuchukua mipangilio yake. Simu inakwenda huko na kuomba faili ambalo jina lake linatokana na anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho iliyopewa kiwandani. Ndani ya faili kuna namba ya ndani, anwani ya seva ya simu na, mara nyingi, nenosiri la akaunti.

Sasa kasoro. Kwa miaka mingi faili hilo limesafirishwa kwa TFTP, itifaki ambayo toleo lake linalotumika ni la mwaka 1992. TFTP haina nenosiri wala haifichi chochote njiani. Anayeomba anapewa, mradi anajua anwani ya MAC. Na anwani hiyo imebandikwa kwenye simu yenyewe na kwenye boksi lake!

Utasema mtu wa mbali hataiona. Haya, tupige hesabu. Anwani ya MAC ina tarakimu 12, kila moja ikiwa na chaguo 16. Sita za mwanzo ni za mtengenezaji na ziko hadharani. Zilizobaki zinatoa michanganyiko 16,777,216. Programu inayojaribu 1,000 kwa sekunde inaimaliza yote kwa chini ya saa tano.

Seva ikiwa imefungiwa ndani ya ofisi, hatari ni ndogo. Ikifunguliwa kwa intaneti nzima ili wanaofanyia kazi nyumbani waifikie, mambo yanabadilika. Mwizi akipata nenosiri anapiga simu ghali za nje ya nchi usiku kucha, na bili inaletwa kwenu.

Wengine hujibu, “Sisi tumehamia HTTPS.” Ni hatua nzuri, lakini haitoshi. HTTPS inafunika faili likiwa njiani, ila haiulizi anayeliomba ni nani. Dawa ni cheti cha kidijiti ambacho simu nyingi za kisasa huwekewa kiwandani, mara nyingi kikiwa na anwani ya MAC ndani yake. Seva idai cheti hicho, kisha ilinganishe anwani iliyomo na faili linaloombwa. Bila kulinganisha, yeyote mwenye simu ya aina hiyo atapita.

Kwa hiyo vifaa vipo, tatizo ni mazoea. Ukitaka kujua ofisi yenu iko wapi, muulize anayewahudumia swali moja: “Seva inajuaje kwamba anayeomba faili ni simu yetu?” Akijibu, “Kwa MAC tu,” ujue mlango hauna kufuli.