Sifa za Mpangaji Herufi

Magila ipo upande wa Bonde, chini ya milima ya Usambara. Huko wamisionari wa UMCA walikuwa na mtambo wa kuchapia, na kati ya 1895 na 1907 mtambo huo ulitoa kitabu cha Habari za Wakilindi katika sehemu tatu. Mwandishi wake, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, hakusimulia ya kuambiwa tu. Aliwahi kumtumikia Semboja, mtawala wa Mazinde. Alianza na Mbega, mwindaji kutoka Nguu aliyepewa enzi Vuga, akafika kwenye vita vya ndugu vilivyozuka baada ya mfalme Kimweri ye Nyumbai kufariki.

Hiyo ilikuwa siasa, si hadithi ya jioni. Wabondei walikwisha kuwaasi Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, na sasa nasaba na visa vya watawala hao vilipigwa chapa katika nchi ya Wabondei, ili kila ajuaye kusoma avipime mwenyewe.

Anayestahili sifa hapo ni mpangaji herufi. Huokota vipande vya risasi kimoja kimoja kutoka kwenye vishubaka, akavipanga mkononi, huku akiusoma mstari kichwa chini miguu juu. Kasha lililojazwa kwa ajili ya Kiingereza lina e tele, lakini Kiswahili kinadai a. “Watu wa Vuga walikataa”: hapo zimekwenda a saba, na e haimo hata moja. Herufi zikiisha, kurasa chache zilizo tayari huchapwa, mistari ikabomolewa, vipande vikarudi vishubakani, kazi ikaanza upya. Ndiyo maana mtambo mdogo hupenda kijitabu.

Na kijitabu hupenda siri. Uholanzi, mwaka 1781, kimoja kisicho na jina la mwandishi kilisambazwa mijini kwa usiku mmoja, kikiwahimiza watu wajipange dhidi ya mtawala wao. Baadaye ikajulikana kuwa aliyekiandika ni Joan Derk van der Capellen.

Tukirudi Usambara, Lushoto ya miaka ya 1950 nayo ilikuwa na ugomvi wake: wakulima waligomea amri ya kulima matuta, na chama cha TANU kikapata wafuasi milimani. Chama hakikuhitaji risasi wala vishubaka. Mpiga chapa aliondoa utepe kwenye mashine ya taipu, akagonga herufi juu ya karatasi ya stensili. Wino ukapenya kwenye matundu, nakala zikatoka moja baada ya nyingine. Akigonga o kwa nguvu, kiini chake kilidondoka na nakala zote zikatoka na doa jeusi. Mkono ulipaswa kuwa na kipimo.

Maneno nayo yalikuwa na bei yake. Mwaka 1958 Nyerere, kiongozi wa TANU, alitozwa faini ya pauni 150 kwa kuwakashifu maofisa wa wilaya katika Sauti ya TANU, kijarida cha kudurufu. Faini ikalipwa. Wiki chache baadaye, katika uchaguzi wa Septemba, wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda.