Jina la Kanga

Mteja wa kanga akishapendezwa na rangi, humwambia muuzaji aikunjue doti, kisha huuliza: "Imeandikwaje?" Muuzaji husoma kwa sauti, duka zima likasikia. Mmoja hucheka, mwingine huguna, wa tatu husema, "Hiyo nifungie, ninaye wa kumvalia." Hamtaji, na muuzaji haulizi.

Pindo la pembeni na mji wa katikati huvutia jicho, lakini kinachoiuza kanga ni jina, ule mstari mmoja wa herufi kubwa ulio juu ya pindo la chini. Vazi hili lilishika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19, na majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuhamia za Kirumi. Huko Mombasa, biashara ya Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, ilianza mwaka 1887, na kanga zake hujulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Mwenye mali ametajwa. Watunzi wa majina hawatajwi, ingawa husomwa kila siku sokoni, msibani na harusini.

Itazame "Hasidi hana sababu". Ni maneno matatu tu. Hakuna "wewe" wala kosa lililotajwa. Mwanamke anaivaa, anapita nayo uani, jioni anaifua na kuianika kwenye kamba ya upande wa jirani, jina likiangalia nje. Jirani afanyeje? Akija juu, kajitangaza mwenyewe kuwa ndiye hasidi. Akiuliza, jibu liko tayari: "Mimi nimeanika nguo yangu, shoga. Kwani wewe imekuuma wapi?" Lililobaki ni kwenda dukani naye akatafute "Waache waseme", kamba yake ijibu. Wanawake wawili wanaweza kupigana vijembe hivyo mwezi mzima na bado wakaazimana kinu, kwa kuwa hakuna aliyetukanwa na hakuna neno la kuombana radhi. Ufundi wenyewe ndio huo: mtunzi ameiacha sentensi bila mlengwa, mvaaji akamweka wake, na mlengwa akaachiwa mlango wa kujifanya hakuona.

"Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu" ina ustadi wa namna nyingine. Dhahabu na adhabu zinakaribiana kwa sauti, zinaachana kwa maana, na "kumbe" imesimama katikati kama bawaba. Aliyeambiwa anaweza kuwa mume, rafiki au hata kazi. (Ole wake mume anayenunua doti kwa rangi tu! Atamkabidhi mkewe hiyo kwa tabasamu, kisha aulizwe, "Baba Fulani, hii uliisoma?")

Kanga za kampeni nazo zipo, na za kupongeza. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2008 ilitoka hata ya kumpongeza Barack Obama. Sizichukii, maana ni kumbukumbu nzuri, lakini naziona dhaifu kama kanga. Zinamtaja anayesifiwa, zinasema linalotakiwa, na mvaaji hana la kuongeza. Anageuka kuwa ubao wa matangazo. Ushawishi wa jina lililotungwa vizuri uko kwingine: msomaji analimalizia mwenyewe kichwani, na neno ulilolimalizia mwenyewe ni vigumu kulikana.

Siku hizi vijembe vimehamia WhatsApp. Huko mtu huandika aya nzima, na mwisho humtaja mhusika au huweka picha yake. Huo sasa ni ugomvi wa kawaida, hauhitaji fundi.

Basi wanaotunga majina viwandani, punguzeni neno badala ya kuongeza. Nasi wanunuzi tusikubali doti iliyokunjwa: ikunjuliwe, isomwe, ndipo tutoe hela.